Mawe Chini ya Dirisha la Mama

"Kidogo kulia," nilimwambia Haraka. "Kidogo tu. Kama unamlaza mtoto mchanga."

Haraka ndiye nyapara wetu, na jina hilo tulimpa kwa sababu kitu chenyewe hakuwa nacho. Aliegemeza kifua kwenye mtaimbo, akalisukuma jiwe kwa unene wa kidole, kisha akanitazama na kusubiri. Maji yaliyokuwa yakipita juu ya jiwe kama shuka lililonyooshwa yakapasuka katikati, yakaanza kudondokea pembeni. Ikatoka sauti ndogo, nyembamba, ya vijiko vinavyogusana ndani ya bakuli.

"Hiyo hapo," nilisema.

"Hiyo ndiyo tuliyoiacha jana. Ukaikataa."

"Ya jana ilikuwa na mkwaruzo."

"Mkwaruzo!" Aligeuka kuwatazama wenzetu waliokuwa wakipanda matete ukingoni. "Jamani, mwenzenu nina mke. Jioni akiniuliza nimeshinda nikifanya nini, nimwambie nalifundisha jiwe kuimba?"

"Mwambie umepandishwa cheo," alijibu mmoja. "Mwalimu wa mawe."

Walicheka, nami nilicheka. Nikatoka majini, nikavua buti za mpira mlangoni, nikaingia chumbani kwa mama.

Dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Kwa miaka yote ninayoikumbuka, mbao zake zilikuwa zimepigiliwa misumari kwa ajili ya harufu, na chumba kilikuwa na giza la kabati. Misumari niliing'oa mwenyewe siku tulipomaliza kubomoa zege. Sasa mwanga uliopita juu ya maji uliingia na kucheza darini, ukipanda na kushuka kama kitu kinachopumua. Mama alikuwa ameketi kitandani akikunja mashuka, mgongo wake kwa dirisha. Nilizunguka nikasimama mbele yake.

"Mama, je? Unasikiaje?"

Aliniangalia usoni, akageuza kichwa kuelekea dirishani, akakaa hivyo kitambo. Kisha akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayerudisha kitu dukani bila kutaka kumuudhi mwenye duka.

"Bado, mwanangu."

Na jana alisema hivyo hivyo. Na juzi.

*

Kijito chetu kinapita nyuma ya nyumba zetu, karibu sana, kiasi kwamba kivuli cha ukuta hukiangukia asubuhi. Kabla sijazaliwa, kiwanda cha nguo kilikinyoosha. Kilikuwa na mikunjo yake, kikatiwa kwenye mtaro wa zege ulionyooka kama rula, ili maji ya rangi yaondoke upesi. Maji yanayopita kwenye zege laini hayana cha kusema. Yanateleza tu, yanakwenda zake.

Utotoni mwangu kulikuwa na siku za buluu na siku nyekundu. Mtu akitaka kujua kiwandani wanatia nguo rangi gani, alichungulia mtaroni. Tulikuwa tunaambizana: mdogo wako alizaliwa siku ya kijani, yule mzee alizikwa siku ya zambarau. Kiwanda kilipofungwa, rangi ziliisha lakini zege lilibaki, likajaa matairi, magodoro na majani yaliyooza. Watu wakazoea kukipa kijito kisogo. Nyumba zote zilikuwa na milango mizuri mbele, na nyuma mbao na misumari.

Sasa tunakirudishia mwili wake. Kwanza maji tuliyahamishia kwenye bomba, tukavunja zege, tukachimba udongo ulio chini yake. Udongo huo ulikuwa umelala kwa matabaka: buluu, chini yake wekundu uliofifia, chini yake manjano, kama vitambaa vilivyokunjwa na kuwekwa kabatini na mtu aliyesahau kurudi. Malori yaliubeba ukapelekwa kufukiwa mahali panapofaa. Jioni moja nilisimama juu ya shimo lile nikalitazama hadi macho yakaanza kuona vitu visivyokuwepo, na nikashangaa kitu kilichotudhuru kinawezaje kupendeza hivyo.

Baadaye ndipo tukaanza kupanga mawe. Kazi hiyo niliipenda kuliko zote. Hakuna aliyenifundisha. Injinia wetu, dada mwembamba mwenye kofia pana, alinieleza maji yanataka nini: pa kukimbia, pa kupumzika, pa kuanguka kidogo ili yavute hewa. Mengine niliyajua kwa kuweka jiwe, kusubiri, kutazama, na kuliondoa.

Chini ya dirisha la mama ilikuwa zamu ya maji kuanguka. Nilimwomba Injinia aniachie mahali pale nipange mwenyewe, nikamwambia kwa nini.

Mama yangu alizaliwa katika chumba kile. Akiwa msichana mdogo, kabla ya mtaro, kijito kilikuwa kikimlaza usingizi. Alinisimulia mara nyingi. "Ilikuwa kama wanawake wanaongea chumba cha pili wakati usingizi unakuchukua. Maneno huyasikii. Unajua tu kwamba wapo." Kisha kiwanda kikaja, mtoni kukawa kimya, na alipokua akaajiriwa humo humo, kwenye ukumbi wa mashine za kufuma. Alifanya kazi humo mpaka siku walipofunga mageti.

Na sasa alikuwa anahamishwa. Mjomba, mdogo wake wa kiume, alikuwa amekata shauri.

Sikumlaumu. Alikuja mara kadhaa akabisha mlango hadi mkono ukamuuma, na mama yumo ndani, ameketi. Alimwona akipita kichochoroni huku lori linarudi nyuma na dereva anapiga honi, mama hana habari, mpaka Mjomba akamvuta kwa mkono. Akimuuliza jambo, mama anatabasamu na kusema ndiyo.

"Akili ya dada inaondoka, mpwa wangu," aliniambia tukiwa wawili, akivutavuta masharubu yake. Masharubu ya Mjomba ni ufagio. Yanafunika mdomo wote, na chai yake huchujwa mara mbili. "Inaondoka polepole, kama mgeni anayeona haya kuaga. Wewe unashinda kazini. Akikanyagwa na gari tutamwambia nini Mungu? Kwangu kuna watu kutwa. Nimemuuliza kama yuko tayari kuhama. Nimemuuliza mara mbili, zote amesema ndiyo. Jumamosi nakuja na pikapu."

Mwenyewe nilikuwa nimeanza kuwa na wasiwasi. Wakati mwingine nilimwita kutoka jikoni asiitike, nami nikajiambia ameghafilika. Lakini tukikaa uso kwa uso tuliongea vizuri kabisa. Alikumbuka rangi ya kila siku ya utoto wangu.

Nilimuuliza mama kama kweli anataka kwenda kukaa kwa Mjomba. Alinitazama, kisha akalitoa sanduku lake la bati chini ya kitanda na kulifuta vumbi. Alikunja shuka nusu, akalikunja tena.

"Mdogo wangu ameshapanga. Nitakataaje?" Kisha akasema, huku akilitazama shuka, si mimi: "Mto ungekuwa unaongea kama zamani, nisingeondoka hapa hata kwa kamba."

Basi ndiyo maana nilikuwa nalilaza jiwe kama mtoto mchanga.

*

Jumatano tulijaribu mawe madogo, ya kutandaza. Maji yalikimbia juu yake yakicheka kama wasichana wa shule. Wapita njia walisimama. Mwanamke mmoja wa nyumba ya tatu alifungua dirisha lake la nyuma, la kwanza kufunguliwa baada ya la kwetu, akaegemea hapo akisahau ufagio mkononi.

"Bado," mama alisema.

Alhamisi niliyainua mawe, nikayapanga ngazi. Maji yakawa yanashuka kwa kurukaruka na kila ngazi ina noti yake. Haraka mwenyewe aliacha kutania. Alikaa juu ya toroli, akafumba macho, na kama nisingemwita angelala.

Niliingia ndani. Mama alitega sikio, na safari hii niliona kwamba alikuwa anajitahidi. Uso wake ulikunjamana kama wa mtu anayesoma bila miwani. Akanishika mkono.

"Usijichoshe hivyo, mwanangu. Pengine mto umesahau. Hata watu husahau."

Sanduku lilikuwa limejaa nusu. Juu kabisa aliweka khanga aliyopewa siku ya ndoa yake.

Nilitoka nikakaa ukingoni, miguu majini. Matete machanga yalikuwa yameinama upande mmoja kwa upepo. Kereng'ende alitua kwenye mtaimbo wangu, mwekundu kama tone la rangi ya zamani lililopata mabawa, na kwa muda nilihisi kwamba nimeketi ndani ya usingizi wa mtu mwingine, ambapo kila kitu kina sauti na hakuna anayesikia.

*

Ijumaa nilikuwa chumbani namsaidia mama kufunga sanduku wakati Haraka alipopuliza filimbi. Anaipuliza akitaka watu wasogee, na filimbi ile ni kali. Mbwa wa mtaa mzima hulalamika. Ilipigwa nje ya dirisha, hatua chache kutoka kisogoni kwa mama. Mimi niliruka.

Mama aliendelea kulainisha kona ya shuka.

Kisha nje wakaachia jabali. Lilikuwa moja kati ya mawe mawili makubwa ya kuzuia ukingo. Liliwaponyoka kwenye kamba likaangukia kwenye shimo lenye maji. *Ndu.* Chumba kilitetemeka kidogo.

Mama aliinua kichwa. "Nani anabisha mlango?"

Nilibaki na mkono hewani. Nilimtazama kisogo chake, nywele nyeupe zilizofungwa kwa kitambaa. Nikarudi nyuma mpaka ukutani, mahali asipoweza kuniona.

"Mama," niliita kwa sauti yangu ya kawaida.

Kimya. Nikaita tena, juu zaidi, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Kimya. Ndipo nikaishusha sauti mpaka ikafika tumboni, nikaikokota kama wanaume wanapoongea kwenye kipaza sauti kanisani.

"Mama."

Aligeuka mara moja. "We, vipi? Mbona unaongea kama marehemu baba yako?"

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka kabla sijamaliza kucheka. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake. Nikamuuliza, tukitazamana, kama ameisikia filimbi. Akauliza, filimbi gani? Nikamuuliza, na ndege wa asubuhi? Alifikiri. Akasema ndege walihama zamani, kwa sababu ya moshi wa kiwanda.

"Hawakuhama, Mama. Wapo. Wanapiga kelele kila asubuhi."

Aliangalia viganja vyake. Nilianza kuelewa kitu kimoja kimoja, nikivipanga kama mawe. Ukumbi wa mashine ulikuwa na kelele kiasi kwamba wafumaji waliongea kwa mikono na kwa kusoma midomo. Mama na wenzake walikuwa na ishara za kila kitu: uzi umekatika, msimamizi anakuja, leo nina njaa. Hata leo wakikutana barabarani husimama mbalimbali na kusengenya bila kutoa sauti. Kumbe wakati wote huo mashine zilikuwa zinamla masikio, zikianza na sauti nyembamba. Mimi ananisoma mdomo. Ila Mjomba, na ufagio wake ule...

"Mjomba alipokuuliza kuhusu kuhama," nilisema taratibu, "ulisikia alichouliza?"

"Mdogo wangu?" Alitabasamu kwa aibu. "Yule tangu afuge masharubu namwitikia tu. Ni mtu mwema, hawezi kuuliza jambo baya. Kisha nikaona unanitazama kwa huzuni, ukaniuliza kama nataka kwenda, nikajua nilishakubali kitu. Neno langu nitalirudishaje?"

"Na masikio, Mama? Hukujua?"

Mwanga wa maji ulipanda ukutani, ukashuka.

"Kiwanda kilipofungwa kukawa kimya," alisema. "Nilidhani huo ndio ukimya wenyewe. Nilidhani wote mnausikia."

*

Injinia alinisikiliza hadi mwisho. Akachukua kijiti, akachora mchangani.

"Sauti nzito inataka kina," alisema. "Maji yaanguke mahali pamoja, kwa wingi, ndani ya shimo refu. Na nyuma ya maporomoko pawe na uwazi, kama tumbo la ngoma. Nilitaka kuweka dimbwi chini zaidi, samaki wapate pa kujificha jua likiwa kali. Tukilileta hapa halitadhuru kitu. Ila mawe tuliyonayo ni madogo."

"Lile jabali lililowaponyoka," nilisema.

Haraka alikohoa. "Halikutuponyoka. Tuliliachia kwa makusudi, kwa uchunguzi wa kitaalamu."

Jioni ile tuliyarudisha maji bombani, tukazichambua ngazi zangu za nyimbo, jiwe moja moja, tukachimba dimbwi. Mwanamke wa nyumba ya tatu aliuliza kwa nini tunaharibu. Nilimwambia tunashusha sauti.

Jumamosi asubuhi tuliliviringisha jabali kwa mitaimbo na kamba mpaka likakaa ubavuni mwa dimbwi, na pacha wake tukamwegemeza juu, tukiacha ufa kati yao wa kupitisha maji yote. Injinia alifungua bomba. Maji yalikuja, yakasita juu ya ufa kana kwamba yanakumbuka jambo, yakaangukia gizani.

Sauti ilitoka chini. Ilikuwa mbaya, ya mtu anayesukutua koo. Kisha jiwe la juu likatikisika, na kwa kitambo kidogo sana ikawa nyingine: nzito, ya duara, iliyokuja kwa kupitia nyayo kabla ya masikio. Ikakatika. Ikarudi. Ikakatika tena.

"Jiwe la juu linacheza," nilisema. "Linataka kabari."

Wakati huo huo pikapu ilisimama mbele ya nyumba.

Mjomba aliingia akiwa amevaa shati la safari. Alinikuta nimeshakimbilia chumbani, buti zimechuruzika maji tangu mlangoni, mama ameketi na sanduku lake miguuni.

"Haya, dada, tuko tayari?" alisema. "Nimekuwekea godoro jipya."

"Ndiyo," mama alijibu kwa tabasamu.

"Mjomba," nilisema, "muulize tena. Lakini shika masharubu yako hivi, uyapandishe juu, halafu ushushe sauti."

"Una kichaa?"

"Fanya kwa ajili yangu."

Alinitolea macho. Lakini mjomba wangu ni mtu mwema kweli. Aliyainua masharubu kwa vidole viwili kama anayefunua pazia, akainama mbele ya dada yake, na kwa sauti ya shimoni akauliza: "Dada. Unataka kuhama hapa, uje kukaa kwangu?"

Mama alimtazama mdomo, mdomo ambao alikuwa hajauona kwa miaka.

"Mimi nihame? Kwani nyumba inaungua?"

"Si uliniambia ndiyo! Mara mbili!"

"Nilikuitikia, mdogo wangu. Nani anaweza kukusikia kwenye kichaka hicho?"

Mjomba aliketi juu ya sanduku, masharubu bado yameshikwa. Nilimweleza yote: filimbi, ndege, mashine. Alisikiliza bila kuyaachia, kana kwamba aliogopa kuyaachia. "Basi akili yake..." alisema mwishoni.

"Akili yangu iko hapa hapa," mama alisema. "Kilichoondoka ni mdomo wako."

Alicheka, akajifuta macho kwa kiganja kilichokuwa huru. Lakini wasiwasi wake haukuisha, na alikuwa na haki nao. Lori halijui nani anasikia. Alisema atampeleka kwa daktari wa masikio, na mpaka hapo haondoi pikapu bila jibu: nani atakuwa naye mchana?

Na hapo nje maji yalipata tena njia yake.

Sauti yake iliingia kupitia chini ya sakafu. Kikombe kilichokuwa mezani kilinong'ona dhidi ya sahani yake. Mama alinyanyuka taratibu, akaenda dirishani, akaweka viganja vyote viwili juu ya ubao wa chini, akafumba macho. Uso wake uliachia mikunjo mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyesogea. Nje, Haraka alikuwa amelikumbatia jiwe la juu kwa kifua chake chote asiliache lichezecheze.

"Wapo," mama alisema. "Wapo chumba cha pili."

Haraka alichoka, akaachia. Sauti ikakatika. Mama alifungua macho, si kwa huzuni, bali kwa ukali wa mtu aliyeona uzi umekatika kwenye mashine yake. Alitoa mkono nje ya dirisha akafanya ishara: kidole na gumba, karibu karibu, kisha kusukuma kushoto. Haraka alinitazama.

"Anasema kidogo kushoto," nilimwambia. "Kama unamlaza mtoto mchanga."

"Familia nzima!" Haraka aliyaambia matete.

Tulijaribu kabari ya jiwe bapa, ikapasuka. Tukajaribu nyingine, ikateleza dimbwini. Mama alikaa dirishani kutwa akituongoza kwa mikono, viganja vikirudi kwenye ubao kila baada ya jaribio, na watu wote mtoni walimwona na yeye aliwaona wote. Mjomba alitazama hayo kwa muda mrefu. Mwishowe alilisukuma sanduku chini ya kitanda kwa mguu, akavua shati la safari, akaja kutushikia kamba. Sauti ilikuja na kwenda, ikikaa muda mrefu kidogo kila iliporudi.

Jua lilipofika kwenye paa la kiwanda cha zamani, jiwe la juu bado lilikuwa linacheza. Nililiwekea gunia la mchanga lisianguke, nikafikiria kabari ya mbao ngumu, iliyochongwa kwa vipimo vya ufa wenyewe. Niliinua macho nimwambie mama, lakini alishanitangulia. Alikuwa amesimama kwenye dirisha lake lililo wazi, akaleta viganja pamoja, kisha akatupa kimoja nyuma ya bega: ishara ambayo wafumaji waliitumia kila king'ora kilipolia. Iache ilivyo. Zamu ijayo itaendelea.

Niliegemeza mtaimbo ukutani, chini ya dirisha, mahali nitakapoukuta asubuhi.